Waridi hili limepita mkononi mwa nani?

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Jimbo, wachungaji na wazee wa baraza

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi wa mihuri na mabango. Kibanda changu kiko Majengo hapa Dodoma, ukitoka sokoni hutembei dakika tano, na wengi wenu mmeshakaa kwenye kiti changu cha plastiki mkisubiri wino ukauke. Nimewachongea mihuri, nimewachapia bahasha za mavuno, nimewaandikia mabango ya semina na ya harambee. Mkipita mnaniita "fundi", kwa hiyo nawaandikia kama fundi. Ofisini nimeshafika mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa niandike barua. Mara ya pili niliambiwa barua haionekani. Hii naiweka mbele za watu, isipotee.

Jambo lenyewe ni waridi la Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri wetu, nembo tunayoibandika kila mahali na ambayo, kwa jinsi ninavyoona kazi zinavyoingia kibandani, hakuna anayeilinda.

Nianze na kitenge. Mwaka jana akina mama wa usharika mmoja, sitautaja, walichanga pesa za vitenge vya Sikukuu ya Matengenezo. Walichanga kwa miezi, elfu mbili leo, elfu moja kesho, wengine kwa mauzo ya karanga. Kitenge kikaja: chini kijani, waridi jekundu, moyo mweupe, msalaba wa dhahabu. Vitu vyote vipo na hakuna hata kimoja kilichovaa nguo yake. Tena fundi cherehani hakuambiwa neno. Alikata kitambaa kwa kubana, kama angefanya fundi yeyote mwenye akili, na lile waridi kubwa likaangukia nyuma ya sketi, pale ambapo mama akikaa kwenye benchi analikalia. Kwaya ilipomaliza kuimba na kugeuka kurudi mahali pake, safu nzima ikatuonyesha nembo ya kanisa kwa mwendo. Mzee mmoja jirani yangu aliinua kitabu cha nyimbo kuficha cheko. Na mimi nilicheka. Usiku sikucheka, kwa sababu ule mchoro chanzo chake nilikifahamu. Ulitoka kwenye bango nililochapa mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma, mteja akisema, "Fundi, waridi ni jekundu bwana, nani amewahi kuona la mahaba jeupe?" Nikamkubalia, maana mteja ndiye mwenye pesa.

Kwa hiyo katika barua hii mimi pia nimo kizimbani.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata yamenifanya nione aibu kwa miaka yote niliyolichapa ua hili bila kulijua.

Mwaka 1530 Martin Luther alikuwa kwenye ngome ya Coburg. Wenzake walikuwa Augsburg mbele ya Kaisari, wakisoma lile Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu tunalolitaja katika mafundisho. Yeye hakuweza kwenda, kwani tangu 1521 alikuwa amepigwa marufuku na dola, na akionekana huko angekamatwa. Akakaa ngomeni tangu Aprili, akiandika barua. Wakati huohuo mtoto wa mtawala wa Saxony, Johann Friedrich, alitaka kumtengenezea pete ya muhuri. Katibu wa mji wa Nürnberg, Lazarus Spengler, akampelekea Luther mchoro na kumwuliza kama muhuri wake umetoka sawasawa.

Someni hapo tena. Alimpelekea mchoro, akamwuliza. Mimi fundi wa Majengo nilipolisoma hilo nilitamani huyo Spengler angekuwa mteja wangu. Alileta sampuli kwa mwenyewe! Hakusema "si ua tu, chonga".

Na jibu la Luther la Julai 8, 1530 ndilo maelezo yote tuliyonayo ya nembo hii kutoka kinywani mwake. Alisema kwamba muhuri huo ni alama ya theolojia yake, kisha akaanza kuieleza kutoka katikati kwenda nje, rangi kwa rangi. Kwanza msalaba, nao mweusi, ndani ya moyo. Moyo ubaki na rangi yake ya asili, yaani mwekundu, kwa sababu msalaba unauma na unafisha mabaya lakini hauharibu moyo, unauacha hai. Hapo akashika maneno ya Paulo: "Kwa moyo mtu huamini hata kupata haki," na "Mwenye haki ataishi kwa imani." Moyo huo uwekwe katikati ya waridi jeupe, kuonyesha kwamba imani inampa mtu furaha, faraja na amani. Akasisitiza, kana kwamba alimwona yule mteja wangu: waridi liwe jeupe, lisiwe jekundu, kwa sababu nyeupe ni rangi ya roho na ya malaika, na amani hii si ile ambayo ulimwengu hutoa. Waridi likae kwenye buluu ya anga, maana furaha hiyo ya sasa ni mwanzo wa furaha ya mbinguni ijayo, iliyoshikwa tayari kwa tumaini ingawa bado haijaonekana. Na kuzunguka yote, pete ya dhahabu, kwa sababu raha ya mbinguni haina mwisho, na dhahabu ndiyo madini bora kuliko yote.

Ndiyo maana nikasema kitenge kile hakikuvaa nguo yake. Kwenye nembo hii rangi ndizo zinazosema. Ukiubadilisha moyo uwe mweupe, umesema msalaba umeufisha, damu imekwisha. Ukiliweka waridi jekundu, umelirudisha kwenye kadi za mwezi wa Februari. Na kweli niliwahi kuletewa oda ya bango la vijana, "Usiku wa Wapendanao", waridi la Luther katikati na mshale umepita moyoni. Hiyo niliikataa, nikapoteza shilingi elfu arobaini, na hadi leo yule kijana akiniona Sabasaba anavuka barabara.

Kuhusu weusi wa msalaba nina neno zaidi, kwani huo ndio unaosumbua wateja kuliko vyote. "Fundi, mweusi unatisha, unakumbusha msiba. Weka wa dhahabu." Nimeusikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku moja nilikuwa na sampuli mbili ukutani, ya msalaba mweusi na ya dhahabu, na mama mwenye nyumba wangu akapita kudai kodi. Ni Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana wa kuzaliwa, mwanamke wa miaka sabini na ushee asiyependa maneno mengi. Akaziangalia, akaniuliza tofauti. Nikamweleza kwamba watu wanauogopa mweusi. Akashangaa. "Kwetu mvua ikichelewa," akasema, "wazee walitafuta nguo nyeusi na mnyama mweusi. Wingu la mvua lina rangi gani, mwanangu? Hilo la dhahabu ni la jua. Sisi jua tunalo la kutosha." Akachukua kodi yake akaenda.

Sisemi kwamba Luther aliwaza mvua za Ugogo. Kwake mweusi ulikuwa wa maumivu, basi. Lakini wanaosema msalaba mweusi hauwezi kueleweka na watu wetu hawajakaa na watu wetu. Kwa nchi hii ambayo mwaka wa mvua haba mtama unakauka ukiwa umefika magotini, kumwambia mtu kwamba kilicho cheusi na kizito ndicho kinachoacha moyo hai si lugha ngeni hata kidogo. Mchungaji mwenye dakika kumi za mahubiri angeweza kuanzia hapo.

Nawajibu na wale watakaouliza: je, muhuri wa wino wa zambarau tunaopiga kwenye barua, wenye rangi moja tu, nao ni makosa? Hapana. Pete ya Luther nayo ilikuwa ya kugandamiza kwenye nta, na nta haitoi rangi tano. Ukiwa na wino mmoja, umbo linatosha: msalaba ndani ya moyo, moyo ndani ya ua, ua ndani ya duara. Kosa ni pale mtu anapokuwa na rangi zote mkononi akachagua zisizo zake.

Na kwa kuwa nimeigusa pete, niwape na kisa chake, kwa ajili ya mafundi wenzangu. Pete ilifika Coburg Septemba ya mwaka uleule. Luther alipoivaa ikamponyoka ikaanguka sakafuni, maana ilikuwa pana kuliko kidole chake. Akamwandikia Melanchthon, mmoja wa wale wenzake waliokuwa Augsburg, akijitania kwamba hakuzaliwa kuvaa dhahabu. Yaani mchoro waliuulizia, kipimo cha kidole hawakuuliza. Hata huko!

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike mbele za watu.

Mwezi uliopita kabla ya huu alikuja kijana kibandani, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi. Alitaka muhuri wa duara: waridi katikati, jina la usharika kwa juu, na chini "Mchungaji Kiongozi". Nikamwomba barua ya oda. Akasema mchungaji yuko safari Singida, amemtuma kwa simu, na muhuri unatakiwa kesho kwa barua za utambulisho. Jambo la barua za utambulisho ninalijua. Tangu 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, mji huu umejaa watu wanaotafuta kazi na vyumba, na wengi wao kitu cha kwanza wanachoombwa ni karatasi yenye muhuri wa mtu anayewafahamu. Kwa hiyo maelezo yake yalikuwa na sura ya ukweli. Nikapiga simu kwenye ofisi moja ya kanisa kuuliza nani anaidhinisha matumizi ya nembo. Aliyepokea akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani waridi si la Walutheri wote? Wewe chonga tu, fundi."

Sikuchonga. Kijana hakubisha, akaondoka zake, akaniachia kikaratasi chake mezani.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa jumuiya yetu ya Nkuhungu alinionyesha barua ya kuchangia paa la kanisa la mtaa fulani. Imechapwa vizuri, ina mstari wa Hagai, ina namba ya kutuma pesa, na chini imegongwa muhuri wa duara wenye waridi. Maneno yalikuwa yaleyale ya kwenye kikaratasi, hata nukta iliyokosewa baada ya neno "Kiongozi" ilikuwepo. Alikuwa ameshatuma elfu ishirini. Mtaa huo haupo. Mimi nililigundua kwa kuhesabu: ua lile lilikuwa na petali sita. Waridi la Luther lina petali tano, na katikati ya petali na petali linachungulia jani bichi, matano pia. (Majani hayo Luther hakuyaeleza katika barua yake, kwa hiyo msije mkaniuliza maana yake. Ni majani.)

Nikaenda kwa furaha ya mpelelezi kumwonyesha mzee mmoja wa baraza: petali sita, barua ya uongo! Mzee akavaa miwani, akafungua faili lake, akatoa barua tatu za kweli kabisa za kwetu wenyewe. Ya kwanza ilikuwa na petali tano. Ya pili, nane. Ya tatu ilikuwa na kitu kama alizeti. "Sasa fundi," akaniuliza kwa upole, "yule mama angejuaje?"

Sikuwa na jibu, na ninyi hamnalo. Tapeli hakuhitaji kuiga waridi letu. Hatuna moja la kuigwa.

Kinachoniuma ni kwamba nembo hii ilishawahi kutumika kuzuia utapeli wa namna hiihii. Mwaka 1524, miaka sita kabla ya ile barua ya Coburg, Luther alikuwa akisumbuliwa na wachapaji waliokuwa wanachapa vitabu vyake kwa makosa na kuviuza. Katika sehemu ya Agano la Kale aliyoitoa mwaka huo akaweka alama mbili, mwanakondoo mwenye bendera na waridi, na chini yake akaandika kwamba alama hiyo iwe shahidi kuwa vitabu hivyo vimepita mkononi mwake, kwa sababu wengi siku hizo walikuwa na bidii ya kuchapa kwa uongo na kuharibu vitabu.

Vimepita mkononi mwake. Ndiyo kazi ya muhuri, na tangu nijifunze kuchonga sijasikia mtu akiieleza kwa maneno machache hivyo. Msomaji akiona waridi alijua kuna mkono wa mtu aliyesoma, akasahihisha, akakubali kubeba lawama. Leo waridi letu liko kwenye kofia, kalenda, keki ya kunadiwa baada ya ibada, kioo cha nyuma cha daladala, chupa ya maji inayouzwa mlangoni. Nani kati yenu aliyeipitishia mkono chupa ile?

Msinielewe vibaya, sitaki nembo ifungiwe kabatini. Bodaboda aliyebandika waridi kwenye tangi lake kwa mapenzi yake namwacha. Bibi aliyelitarizi kwenye kitambaa cha meza, namsifu. Hao wanakiri imani yao, hawajasema wametumwa na kanisa. Tena kihaki waridi si mali yetu peke yetu. Wanalo Walutheri wa dunia nzima, na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani nembo yake imetokana na ua hilihili. Ni fungamano lile lililokutana Dar es Salaam 1977 likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mimi ni Mnyiramba wa Kiomboi. Wamisionari Wamarekani wa Augustana, kanisa la Kilutheri la huko kwao, walifika kwetu miaka ya 1920, na nilikua nikiamini waridi ni ua la Kimarekani. Mtu wa Bukoba huenda alikua akiamini ni la kwao. Ni sawa. Ninachosema kinahusu karatasi, nguo na bango vinavyotoka kwa jina la kanisa.

Na hapo kuna karatasi moja ambayo naiomba itajwe kwa jina: barua ya kukumbusha ahadi. Nimechapa mamia. Juu kabisa waridi, rangi zote, limependeza. Chini yake: "Ndugu, kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa hadi leo hujakamilisha ahadi yako ya ujenzi." Moja ilimfikia jirani yangu wiki ileile aliyotoka kumzika mumewe. Nilikuwa kibarazani kwake ilipoletwa. Aliiona nembo kwanza, uso ukafunguka, akadhani kanisa limemwandikia pole. Halafu akasoma.

Waridi jeupe, kwa maneno ya mwenye muhuri, ni la furaha, faraja na amani. Deni ni halali kudaiwa, kanisa lina paa na lina bili za umeme. Lakini daini kwa karatasi tupu yenye jina na anwani. Ua lile limeumbwa kwa kazi nyingine, na mkilitumia kudaia, siku mtakapopeleka pole halisi hakuna atakayeifungua bahasha.

La siasa nitalipita haraka kwa kuwa mnalijua. Msimu wa uchaguzi waridi liliwahi kuletwa kwangu likae pembeni ya uso wa mgombea, na ile buluu ya anga igeuzwe kuwa rangi za chama. Niliuliza kama kanisa linajua. Mpambe wake akanijibu, "Mzee ni muumini mzuri." Huenda ni kweli. Katika mji huuhuu hakuna fundi wa mihuri anayethubutu kuchonga Bibi na Bwana, ile Ngao ya Taifa, bila kibali, tunajua kuna sheria na kuna jela. Waridi halina jela, ndiyo maana kila mtu analo.

Mtu wa upande wa pili atanijibu kwa hoja, na hoja anayo. Ndugu zetu Waanglikana, ambao katika Ugogo ni wengi kutuzidi, nao wana waridi, ila lao ni la dira: msalaba wa Mtakatifu George katikati, maneno ya Kigiriki kuuzunguka yanayosema kweli itawaweka huru, ncha za dira zikielekea kila upande wa dunia, na kofia ya askofu juu, upande wa kaskazini. Lilichorwa na Edward West, kasisi wa New York, na mwaka 1988 likawekwa kwenye sakafu ya kanisa kuu la Canterbury. Sakafuni! Watu wanapita juu yake. Mama mwenye nyumba nilipomsimulia habari ya sketi za kwaya alinikumbusha hilo kwa furaha isiyo ya Kikristo. "Sisi tunalikanyaga," akasema, "ninyi mnalia kwa kulikalia."

Nimelifikiria sana. Nadhani tofauti ni kwamba la Canterbury mtu alikaa akaamua liwe pale. Dira inawekwa chini, mtu asimame juu yake ajue aelekee wapi. Kuna sababu, na mwenye nembo aliiridhia. Sketi ya kwaya yetu haikuwa na sababu, ilikuwa na mkasi tu. Siku mkiniambia, "Fundi, baraza limekaa, limeamua waridi likae nyuma ya sketi kwa sababu hii na hii," nitanyamaza. Nitashangaa, lakini nitanyamaza.

(Na hayo mawaridi mawili nilishayachanganya. Kwaya za makanisa mawili ziliandaa tamasha la Pasaka, mteja akaniambia "weka waridi", na kijana wangu wa kazi akavuta la kwanza aliloliona kwenye kompyuta. Walutheri walifika ukumbini wakajikuta chini ya dira. Niliwarudishia nusu ya pesa.)

Ninachoomba si kamati. Kamati tunazo. Naomba karatasi moja ngumu, mchoro mmoja wenye petali tano, na rangi zake zimeandikwa kwa maneno ya kawaida: msalaba mweusi, moyo mwekundu, waridi jeupe, majani ya kijani, anga ya buluu, pete ya dhahabu. Ikae kwenye kila ofisi ya usharika na nakala kwenye kila kibanda cha mafundi mnaowatumia. Sisi mafundi wa kazi za kanisa hapa mjini tunafahamiana wote. Halafu awepo mtu mmoja, katibu au mwinjilisti, mwenye namba ya simu inayopokelewa, ambaye hakuna muhuri, kitenge wala bango la kanisa litakalochapwa kabla hajaweka sahihi kwenye sampuli. Sampuli haigharimu kitu. Ni karatasi ya A4.

Muhuri wa ofisi uwe na namba yake, uandikwe kwenye daftari, na ukichakaa urudishwe ukatwe. Huo wa zamani mliouacha kwenye droo ya mchungaji aliyehama, nadhani mnaujua ulipo. Kama hamuujui, anzeni na huo.

Na watoto wa kipaimara. Wanakariri Katekisimo Ndogo mpaka usiku, halafu siku yenyewe wanapewa cheti chenye nembo wasiyoweza kuieleza. Ningekuja bure Jumamosi moja na rangi zangu sita, kila mtoto akachora lake kutoka katikati kwenda nje, kama Luther alivyoeleza. Mtoto aliyewahi kuupaka mwenyewe msalaba mweusi kwenye moyo mwekundu hatadanganywa na ua la petali sita.

Yule mama wa Nkuhungu hajarudishiwa elfu ishirini yake. Namba ile haipatikani. Nimempa elfu kumi kutoka mfukoni, akakataa, nikaiacha chini ya sahani.

Mezani kwangu iko oda yenu ya bahasha 800 za sikukuu ya mavuno, imekuja kwa simu kama kawaida, "weka na lile ua". Sampuli nimeshaichapa. Nimeibandika ukutani juu ya mashine, upande wa kushoto ukiingia, na chini yake nimeacha mstari wa sahihi. Atakayekuja aje na kalamu, yangu imekwisha wino.

Ni mimi fundi wenu,
Majengo, Dodoma